Vila ya Vyumba Vitatu

Sogea nikueleze vizuri, wewe unayepanga kumpeleka mwenzako likizo ng'ambo, mahali mtakapokuwa wawili tu. Kuchagua nyumba si kugumu kama unavyodhani. Makosa nimeshayafanya mimi kwa niaba yako, kwa hiyo tulia, twende polepole.

Mimi nafundisha shule ya msingi Kilosa mjini. Mume wangu ni fundi wa malori Mikumi, kule barabara kuu. Tumeoana miaka kumi na moja, na tunaonana mwisho wa wiki. Akija Kilosa, anakuta dada zake wameshafika. Nikienda Mikumi, nakuta binamu wawili wamelala sebuleni. Siku moja tulizungumza dakika ishirini bila kukatizwa, tukiwa kwenye foleni ya benki, tukagundua kwamba bado tunachekeshana. Hapo ndipo tulipoamua: mwezi wa sita, siku saba, Shelisheli, kando ya bahari, watu wawili.

Tulichagua kwa simu, kila mmoja akiangalia alichozoea. Mimi niliangalia jiko. Yeye, kwa kuwa Mikumi tembo huvuka barabara wanapotaka, aliangalia uzio.

"Hii haina uzio," alisema.

"Kisiwani hakuna tembo."

"Nani kakwambia?"

"Sasa watafikaje?"

"Wanaogelea hao."

Mwishowe tukapata vila iliyomridhisha, nyumba nzima peke yake ufukweni, miti pande zote, hakuna hata jirani wa kumwomba chumvi. Ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala. Hilo ndilo kosa, na sasa utaona kwa nini.

Kwetu huvuki mpaka wa nchi bila kuaga wazazi. Jumamosi tukaenda Tindiga kwa mama mkwe. Tulimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Nikatoa simu nikaanza kumwonyesha picha, na mimi nikianza kueleza sijui kuacha. Mume wangu akanikanyaga mguu. "Mwalimu, hapa siyo darasani," alininong'oneza. Nilikuwa nimeshafika chumba cha tatu.

Mama akaweka ungo chini, akahesabu kwa vidole. "Cha kwanza chenu. Cha pili changu na shangazi yenu, miguu inamsumbua, maji ya chumvi yatamfaa. Cha tatu wifi yako na wanawe."

"Mama, hii ni likizo ya..." Mume wangu akakwama. Kutamka neno mapenzi mbele ya mama yake hajawahi, na hakuanza siku ile. "Ya kupumzika."

"Ndiyo maana tunakuja. Mtapumzikaje mkiwa jikoni?"

Mume wangu alinitazama kama mtu anayeona lori likirudi nyuma halina dereva. Siku zetu saba zilikuwa zinatandikiwa mikeka.

Basi nikafanya ninachofanya darasani wanafunzi wasiponielewa: nikabadilisha mfano. Nilitafuta vila nyingine tuliyokuwa tumeiacha, ya chumba kimoja, kuta za vioo, imejengwa juu ya nguzo, bahari ikipita chini ya sakafu. Nikampa simu. "Au tutafikia hii, mama."

Tindiga ni bondeni, mahali pa mafuriko. Mama mkwe amewahi kutoa magodoro ndani, khanga kiunoni, maji magotini. Aliisogeza ile picha karibu na macho.

"Haya maji yameingia lini?"

"Yapo siku zote, mama."

"Na watu wanalala humo?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiari yao?"

"Wanatoka nchi za mbali kuja kulala humo."

Akanirudishia simu kwa ncha za vidole. "Mimi maji nimeyakimbia mara mbili. Sipandi ndege kuyafuata. Na shangazi yenu na wifi yako hawaendi, nitawaambia mwenyewe. Nendeni nyie mnaoyataka, Mungu awatangulie."

Tuliilipia ile ya chumba kimoja jioni hiyo hiyo, nyuma ya banda la kuku, ambako mtandao unashika. Mwezi wa sita tukaenda, wawili. Siku ya kwanza tulikaa karibu saa nzima tukisubiri mtu apige hodi. Hakupiga mtu. Tukaanza kucheka.

Wewe huna haja ya kuzunguka kote huko. Chagua nyumba yenye chumba kimoja, ilipie, ndipo uende kuaga.