Mkwe Wangu Wagdi na Kisigino cha Jumana

Mkwe wangu Wagdi ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikishaanza kueleza hakuna atakayeniamini. Hajawahi kumpandishia sauti binti yangu Ingi, na kila Ijumaa huniletea maharage ya moto kabla sijafungua macho vizuri. Ni mhandisi, na kazi yake ni kukagua lifti za majengo hapa Kairo. Lifti ikiandikwa watu wanne, basi ni wanne, na wa tano atashushwa hata awe nani. Nimemwona kwa macho yangu akimshusha bwana harusi.

Ila ana kidonda chake, nacho ni nusu alama. Alipofanya mtihani wa kumaliza sekondari alikosa udaktari kwa nusu alama, na jirani yao mmoja, kijana ambaye kuhesabu vidole kulikuwa kunamchosha, akaingia kwa sababu alikuwa bingwa wa kuogelea, na kwetu bingwa wa michezo huongezewa alama. Hadithi hii niliisikia siku ya posa. Nikaisikia siku ya ndoa. Niliisikia tena nimelala kitandani nasubiri kupasuliwa nyongo, na daktari alipoingia Wagdi alimwuliza kwanza kama aliwahi kuogelea.

Kwa hiyo Ingi alipopata mimba, mtoto alikuwa tayari ameshachaguliwa mchezo kabla ya jina. Ni skwoshi, huo wa kupiga kijimpira ukutani kwa raketi, ambao sisi Wamisri tumeung'ang'ania kana kwamba kuta zote za dunia ni zetu.

Na hapa nina dhambi yangu. Mie nilikuwa karani wa kuandikisha vizazi katika ofisi ya afya kwa miaka thelathini na mmoja. Jumana alizaliwa tarehe ishirini na moja Desemba. Mtoto hajafutwa vizuri, Wagdi akanivuta pembeni.

"Mama, mwandike Januari."

"Nimwandike nini?"

"Tarehe mbili Januari. Watoto kwenye mashindano wanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Akiwa wa Desemba atacheza na majitu. Akiwa wa Januari, jitu ni yeye."

"Ana kilo tatu, Wagdi."

"Kwa leo."

Wengine walioniomba jambo hilo nilikuwa nawafukuza na maneno juu. Kwa mjukuu wangu nikalainika. Nilingoja siku kumi na mbili nikaandika tarehe mbili Januari, tena kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote, na tangu siku hiyo kila nikimtazama yule mtoto naona wino wangu.

Alianza raketi akiwa na miaka minne. Alipofika saba alikuwa na makapteni watano, maana kwetu kila anayefundisha mchezo ni kapteni hata kama hajawahi kuongoza kitu. Kulikuwa na Kapteni wa skwoshi, Kapteni wa mbio, Kapteni wa kuogelea kwa ajili ya mapafu, Kapteni wa kifundo cha mkono, na Kapteni wa akili, kijana mmoja aliyekuwa akimwambia Jumana afumbe macho ajione anashinda. Jumana akifumba macho alikuwa analala. Kapteni akaandika kwenye ripoti kwamba ana utulivu wa hali ya juu.

Niliwahi kuzijumlisha saa zake: ishirini na sita kwa wiki, nje ya shule. Alikuwa anakula garini na kufanya hesabu za shule garini. Koshari, ule mchanganyiko wetu wa wali, dengu na tambi, ilipigwa marufuku. Mie nilikuwa namfichia kipande cha basbusa, ile keki yetu ya asali, ndani ya soksi safi, naye alikuwa anakila upesi bila kutafuna, huku akitazama mlango.

Siku niliyoelewa kwamba mambo yamezidi ni siku ya msiba wa shangazi yake Wagdi. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka wa wanawake, Kurani inasomwa, nikamwambia Jumana, nenda kawape watu pole. Mtoto akanyanyuka, akapita mstari mzima, akimshika kila mfiwa mkono na kumtazama machoni, na kumwambia kila mmoja, "Mchezo mzuri. Mchezo mzuri. Mchezo mzuri." Binti wa marehemu alimjibu ahsante. Mie niliuma shela yangu hadi ikatoboka.

Mwezi huohuo wa Desemba kikaja kisigino. Jumana akawa anaamka asubuhi anatembea kwa vidole. Nikasema nitampeleka hospitali mwenyewe, na Wagdi akaja nyuma yetu na faili.

Daktari Mahrus, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikibonyeza kisigino, mtoto akaruka. Akauliza anafanya mazoezi saa ngapi. Wagdi akafungua faili. Daktari akasoma ukurasa wa kwanza, akauliza kama ni ratiba ya timu nzima.

"Sikiliza, mhandisi," akasema. "Mfupa huu bado laini. Kuanzia leo, saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Kila siku aachwe acheze ovyo tu, bila mtu kumfundisha. Na kisigino kisipotulia, asiingie kwenye mashindano yoyote. Mkiendelea hivi atachechemea hata akienda chooni. Ana miaka mingapi?"

"Saba," nikasema mie haraka, maana ndivyo karatasi ilivyosema.

"Nane," akasema Wagdi. Mtu aliyenipigia magoti nimpunguze mtoto siku, sasa anaziomba zirudi. "Kwa kweli, daktari, ametimiza nane juzi. Tena kwa miaka ya Kiislamu ni nane na robo."

"Basi saa nane."

"Na tumboni je? Miezi tisa ile haihesabiwi? Alikuwa anapiga mateke usiku kucha, mama yake shahidi."

Daktari Mahrus alivua miwani akanitazama mie, kama mtu anayeuliza huyu mmemtoa wapi. Tuliondoka tukiwa na saa tisa.

Tisa hizo zilikuwa za karatasi. Kuogelea kulitolewa kwenye hesabu kwa sababu, alisema Wagdi, kuoga ni usafi. Mbio zikatolewa kwa sababu ni usafiri. Nikamwambia, "Wewe lifti yako ikiandikwa watu wanne unamtoa bwana harusi, lakini mtoto huyu unampakia kama lori la tofali." Akanijibu kwa upole kwamba lifti ina kamba ya chuma na mtoto ana moyo, na moyo hauna kikomo. Niliondoka mezani kwa hasira, nikarudi kwa sababu nilikuwa sijamaliza mchuzi wangu wa mulukhiya.

Lakini agizo la kucheza ovyo alilitii. Wallahi alilitii kuliko yote. Wiki iliyofuata alimleta Kapteni wa sita, kijana mwenye filimbi na suruali mpya, Kapteni wa kucheza ovyo. Kila siku saa kumi jioni, kwenye bustani ya klabu yao ya michezo, Jumana alipaswa kucheza bila kufundishwa, chini ya mwalimu. Nilikuwa nakaa kwenye benchi na chai yangu nawasikia.

"Bingwa, jifiche popote unapotaka."

Jumana akasimama.

"Popote, bingwa. Wewe mwenyewe tu."

"Popote wapi, Kapteni?"

"Nyuma ya mti wa pili kutoka kushoto."

Ripoti ya wiki ya kwanza ilisema anajificha vizuri lakini anachelewa kutoka. Ingi aliibandika kwenye jokofu, akaipiga picha na kuituma kwa akina mama wenzake. Mama mmoja wa klabu akaisoma kwenye simu ya mwenzake, na kufika Alhamisi bustani ilikuwa na watoto kumi na wanane wanaocheza ovyo kwa mistari mitatu. Wiki ya tatu kukawa na jedwali la msimamo. Wiki ya nne, mama wawili walishikana mashungi kwa sababu mtoto wa mmoja alihesabu hadi ishirini akaruka kumi na saba, na mwamuzi hakuona. Kulikuwa na mwamuzi.

Mie nilikuwa nacheka, sikatai. Kisha jioni nikimvua Jumana kiatu nilikuwa naacha kucheka. Kisigino kilikuwa kimevimba na kina joto, na yeye alikuwa ananiomba nisimwambie baba yake. Mashindano ya likizo ya katikati ya mwaka, ya wasichana chini ya miaka tisa, yalikuwa yamebaki siku nne. Nilimwambia Wagdi, nikamwambia Ingi, nikawakumbusha maneno ya daktari neno kwa neno. Wagdi akasema ni mechi moja tu, halafu tutaona. Ingi akalia. Wote wawili walikuwa wanampenda, na hilo ndilo lililokuwa linanitia wazimu.

Nikabaki na silaha moja. Asubuhi ya mashindano nilivaa gauni langu la ofisini, nikachukua kitambulisho changu cha ustaafu, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya usajili. Pale alikuwa amekaa bwana mnene mwenye shati la mistari anakula sandwichi ya ini.

"Nimekuja kukiri," nikamwambia.

"Kukiri nini, hajjat?"

"Jumana Wagdi, mchezaji wenu, hakuzaliwa Januari. Alizaliwa Desemba ishirini na moja. Karani aliyebadilisha ni mie. Mfuteni jina, na kama kuna polisi mwiteni."

Aliweka sandwichi chini. Akafuta vidole, akafungua daftari la majina, akaligeuza nilione. Akanionyesha safu ya tarehe za kuzaliwa, akateremsha kidole taratibu. Tarehe moja Januari. Tarehe mbili Januari. Tarehe moja. Tarehe tatu. Tarehe moja.

"Wasichana sitini na wanne," akasema. "Hamsini na tisa wamezaliwa ndani ya siku tano. Nikianza kufuta, hajjat, nitabaki na watano, na hao watano nao siwaamini."

Nilisimama pale na kitambulisho changu mkononi. Miaka minane nilikuwa nimebeba dhambi hii peke yangu, nikiiombea msamaha kila baada ya sala, kumbe nilikuwa kwenye foleni. Bwana yule akanimegea nusu ya sandwichi. Nikaikataa, nikaenda kutafuta watu wangu.

Walikuwa nje ya uwanja wa kioo namba tatu. Jina la Jumana lilikuwa limeshaitwa. Wagdi alikuwa amepiga magoti mbele yake anamfunga kamba za viatu, na alipokaza kamba ya kulia mtoto alishtuka mwili mzima.

"Siumwi, Baba," akasema kabla hajaulizwa.

Wagdi akainua kichwa. "Wapi huumwi?"

Jumana akafikiri. Alimtazama Kapteni wa akili, akamtazama Kapteni wa skwoshi, kisha akamrudia baba yake, na kwa sauti ileile anayotumia kujibu mwalimu akauliza, "Unataka niseme wapi?"

Wagdi alikuwa bado ameshika zile kamba. Nilimwona anazitazama kama hajui zinafungwaje, mtu ambaye hukaza nyaya za lifti kwa macho yaliyofumbwa. Kisha akaanza kuzifungua. Alikitoa kile kiatu polepole sana, akakitoa na soksi, akaona mwenyewe kile nilichokuwa nakiona kila jioni. Uso wake ulikunjamana na machozi yakamtoka mbele ya klabu nzima, na sikumwonea haya hata kidogo.

"Mchezaji yuko tayari?" mwamuzi akauliza.

"Hayuko," akasema Wagdi. "Ana miaka minane."

"Sote tuna miaka minane hapa, mhandisi."

"Basi mwamuzi, huyu amechoka nayo."

Kapteni wa skwoshi akaanza kusema kitu kuhusu alama na nafasi na kazi ya mwaka mzima. Wagdi alimbeba Jumana begani kama mtoto mchanga, kiatu kimoja mguuni na kingine kikining'inia kwenye kidole chake, akaelekea kwenye gari. Jumana alikuwa amelala kabla hawajafika mlangoni. Ingi akawafuata na raketi, akarudi hatua mbili, akaiacha kwenye kiti.

Mie nilibaki kukusanya chupa na taulo, na ndipo nilipomwona yule msichana aliyekuwa acheze na Jumana. Alikuwa mwembamba, nywele zimesukwa zikakazwa hadi nyusi zimepanda. Mwamuzi alimwambia ameshinda bila kucheza. Akauliza kama sasa wanakwenda nyumbani, akaambiwa bado mechi tano. Mama yake, mwenye miwani ya jua kichwani, akampongeza na kwenda kujaza maji.

Msichana akaja akakaa kwenye benchi kando yangu. Alitazama njia aliyopita mama yake. Kisha akavua kiatu, akavua soksi, akainua mguu akauweka kwenye mapaja yangu bila kunitazama usoni.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "na wangu niangalizie."

Nilikigusa kisigino kwa kidole kimoja tu. Kilikuwa cha moto. Nikamwuliza amezaliwa lini, akasema tarehe moja Januari, upesi, kama wanavyofundishwa. Nikafungua mdomo nimwambie kitu, lakini mama yake alikuwa ameshatokeza kwenye kona na chupa imejaa, na mtoto alikuwa ameshavaa kiatu.