Kidole cha Magige

Miaka ile ya shida, nyuzi zilipoadimika madukani, Magige wa Makoko alizichomoa kwenye matairi yaliyochakaa akaendelea kushona nyavu za watu. Mtindo wake ulikuwa mmoja: anakaa chini, ananasa wavu kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, anauvuta ukaze, mikono inafanya kazi. Viwanda vya sangara vilipofunguliwa mjini Musoma, wavuvi wakajazana mlangoni kwake.

Mwaka tisini na sita mguu huohuo ukaanza visa. Hatua hamsini tu, misuli inabana. Baadaye ukawa baridi, kisha ganzi. Daktari Silasi wa hospitali ya misheni hakumzungusha: mishipa ya damu chini ya goti imeziba. Lakini Nairobi, baada ya wiki mbili, wangefika mabingwa wanaopitisha waya ndani ya mshipa, wakayeyusha uchafu kwa mwale wa leza na kuacha kibomba cha chuma kuushikilia wazi. Misheni ingelipa.

"Mguu huu usiumie, mzee. Ukiumia, uje mbio."

Magige akashika la kwanza tu. Alinunua viatu vya kufunika, akaacha kushuka ziwani. Nyavu hakuacha, na kidole, kwa mazoea ya miaka thelathini, kikaingia kazini chenyewe. Uzi wa nailoni ulikata nyama hadi ndani, asisikie kitu. Aligundua alipoona damu kwenye wavu.

Mwenye kidonda, nani atampeleka Nairobi? Akavaa soksi, akawa analala nayo.

"Baba Chacha, mbona mguu unanuka?" mkewe Ursula akauliza siku ya tano.

"Jasho hilo. Mbona nilikuwaga hivi tangu zamani!"

Jasho! Mtu mzima na akili zake.

Siku ya safari, hospitalini, Daktari Silasi akaivuta ile soksi. Weusi ulikuwa umefika kisiginoni.

"Kidonda kina siku ngapi?"

"Kumi. Niliogopa mtanifuta kwenye orodha."

Daktari akakaa kitandani kando yake, hasira imemwishia. "Mzee wangu, kidonda ndicho kingekutanguliza. Ningekusafirisha siku ileile, wakakutibu kidonda hukohuko ukiwasubiri mabingwa."

"Na sasa?"

"Sasa tunakata chini ya goti. Leo, la sivyo utakufa."

Ursula alikuwa bado amekumbatia furushi la safari. Aliliweka sakafuni, akaanza kumfungua mumewe vifungo vya shati, huku Magige akilia kwa sauti mbele ya wodi nzima.