Punda Mjane

Mwaka 2018 mikono yangu iligoma. Nilikuwa nimesuka nywele za watu kando ya barabara pale Joubert Park, katikati ya jiji, kwa miaka tisa, na ikafika siku ambayo vifundo vya vidole viliuma hata nikishika kichana tu. Dada mmoja wa kanisani, Mkongo kama mimi, akaniambia kuna bibi anatafuta mwanamke wa kumsaidia kuvuna kwenye shamba lake dogo, kusini mwa jiji, mwendo wa teksi mbili halafu unatembea.

"Mikono haiwezi kusuka, itaweza kuvuna?" nikamwuliza.

"Kuvuna ni mgongo," alisema. "Mgongo wako ni mzima."

Nikaenda mwishoni mwa Machi. Kwetu Kalemie tuna mvua na tuna kiangazi, basi. Huku kuna miezi ya katikati ambayo sikuwahi kuipatia jina. Mvua imekwisha, baridi haijafika, nyasi zinageuka rangi ya mkate, na hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Mjini sikuwahi kuiona miezi hiyo. Unaona tu kwamba watu wamevaa makoti.

Yule bibi niliambiwa nimwite Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, kama wote walivyomwita. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mjane, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka mbali. Mimi Kizulu changu ni cha kuuza na kununua, Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa kibovu, kwa hiyo tulisema machache na mengine tulionyesha kwa vidole. Alikuwa na mahindi yaliyokaukia shambani, maboga, kuku, na punda wawili wazee, jike na dume, waliovuta mkokoteni wake. Walikuwa pamoja tangu wadogo. Ukimtoa mmoja kwenda kunywa maji, mwingine anasimama langoni akilia mpaka arudishwe.

Sikuwapenda. Nilikuwa mtu wa mjini kwa muda mrefu mno, na dume alinikanyaga mguu siku ya pili. Lakini kazi ilikuwa moja kila siku: kuvunja mahindi kule bondeni, kujaza mkokoteni, kuwaongoza punda kupanda hadi ghalani, kushusha, kurudi. Jioni nilikuwa nimechoka kiasi cha kulala na viatu. Ilikuwa nafuu, kwa sababu mtu aliyechoka hivyo hafikiri.

Katikati ya Aprili yule dume aliacha kula. Alilala, akainuka, akalala tena, akawa anageuza shingo kutazama tumbo lake. Gogo alimpigia simu daktari wa mifugo, naye akafika siku hiyohiyo, kijana mpole mwenye mabuti ya mpira. Aliingiza mkono kwa nyuma, akasikiliza tumbo, akasema limeziba. Alidhani ni mfuko wa plastiki. Upepo wa msimu ule unaileta mifuko hiyo kutoka barabarani, inanasa kwenye waya na kwenye nyasi, na punda mzee hachagui. Alimchoma sindano ya kutuliza maumivu. Kesho yake asubuhi tukamkuta amekufa karibu na hori la maji, na jike amesimama akimwinamia, pua imegusa sikio lake.

Jirani alikuwa na trekta ya kuchimba shimo. Nilimwambia Gogo niende kumwita, tumzike kabla jua halijawa kali.

"Hapana," alisema. "Mwache jike amwone."

"Ameshamwona."

"Bado. Mwache mpaka amalize mwenyewe."

Nikaona ni mambo ya uzee. Kulikuwa na mahindi bondeni na siku zilikuwa zinapungua. Lakini shamba lilikuwa lake, kwa hiyo nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikizuia mbwa wasisogee. Yule jike alimnusa mwenzake mwili mzima, polepole, kuanzia kichwani. Akamsukuma kwa kwato. Akalia mara moja, kilio kirefu kilichonifanya nisimame, kisha akanyamaza. Ikafika saa sita, ikafika saa tisa, bado yupo. Gogo alikuja na chai vikombe viwili, akaketi chini kwa shida, akanyoosha miguu.

Sijui kwa nini nilimwambia siku ile. Nilimwambia kwamba mume wangu alirudi Kalemie kumwuguza mama yake, akaugua yeye, akafa, na karatasi zangu za ukimbizi hazikuniruhusu kwenda na kurudi. Nilimwambia mazishi niliyaona kwenye simu. Zilikuja picha nne, na moja ilikuwa ya watu wakila wali. Kwa miezi mingi baadaye, mtu akigonga mlango wa chumba chetu kule mjini, mwili wangu ulinyanyuka kwenda kumfungulia yeye.

Gogo alikunywa chai yake, halafu akauliza, "Aliitwa nani?"

Nikamtajia. Akalirudia jina lile mara mbili, vibaya kidogo, kama mtu anayejifunza njia. Nililia, si sana. Nilikuwa nimechoka hata kwa hilo.

Jua lilipoelekea kushuka jike aligeuka, akaenda kwenye ukuta wa ghala, akasimama ametugeuzia mgongo. Gogo akasema, "Sasa mwite jirani."

Nilidhani yameishia hapo, lakini yule punda hakutaka tena mkokoteni. Nilimfunga kamba, nikamvuta, nikambembeleza kwa Kiswahili na Gogo kwa Kizulu, hakuinua mguu. Alikula kidogo sana. Daktari alikuwa ametuonya kwa simu kwamba punda akikaa na njaa kwa huzuni damu inajaa mafuta na anakufa naye, kwa hiyo kila asubuhi nilimchanganyia maji ya moto na molasi na makapi, nikamshikia beseni chini ya mdomo. Siku nyingine alikunywa nusu. Siku nyingine alipumua tu ndani yake.

Na mahindi yalikuwa bado bondeni. Asubuhi moja niliingia mwenyewe katikati ya miti ya mkokoteni, nikapitisha kamba kifuani, na Gogo akasukuma nyuma. Tulipumzika mara tano kwenye kile kilima kidogo. Tulifanya hivyo siku kumi na moja. Bega la kulia lilichubuka, nikaweka gunia, likachubuka tena. Nilimsikia akihema nyuma yangu, na mara nyingine akisema "Eish" peke yake.

Siku hizo alikuja mwanamume na gari la mizigo, akasimama kwenye uzio wa waya. Alisema amesikia amebaki punda mmoja, yuko tayari kumchukua. Kila mtu pande zile alijua watu wa namna hiyo wanataka ngozi tu ya kuuza.

"Huyo hafanyi kazi tena, Gogo," alisema. "Unamlisha wa nini?"

Nilikuwa nimesimama na beseni mkononi. Nakiri kwamba nilitamani akubali. Nilichoka kuamka mapema kwa ajili ya mnyama anayenipumulia.

Gogo aliegemea nguzo, akamtazama punda. "Mimi pia sifanyi kazi kama zamani," alisema. "Nenda salama, baba."

Mzigo wa mwisho tuliupandisha mwanzoni mwa Mei. Wiki ile nyasi zilianza kuamka nyeupe kwa umande ulioganda. Jirani mwenye trekta alikuwa na punda watatu, akasema tumlete wetu akae nao, kwani punda peke yake hana siku nyingi. Tulimpeleka kwa miguu, mimi nikishika kamba na Gogo akitembea upande wa pili, mkono shingoni mwake. Hakukataa njia.

Langoni wale watatu walisogea kumnusa. Alimng'ata mmoja, akampiga mwingine teke, kisha akainamisha kichwa kwenye nyasi zao na kuanza kula kwa nguvu, kama aliyekumbuka jambo. Hakututazama tena.

Tulisimama hapo. Gogo alikuwa analia bila sauti. Nilitaka kumshika mkono lakini mabega hayakuinuka vizuri, nikamsogelea tu hadi makoti yetu yakagusana.

"Anakula," nikasema.

"Ndiyo," alisema Gogo. "Tukae kidogo kabla ya kurudi. Magoti yananiuma."

Tukakaa kwenye ukingo wa mtaro, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinuka.