Mume wa Kliniki

Shemeji yangu Kilian alifiwa na mke wake, ambaye ni dada yangu, kabla hawajapata mtoto. Tangu hapo, kwa miaka kadhaa, yeye ndiye aliyekuwa mume anayetegemewa kuliko wanaume wote wa kwetu Kitura. Simsengenyi mtu. Mwanamke akishika mimba na mume wake akakataa kwenda naye zahanati, alikuwa anamwomba Kilian.

Utaratibu wa kliniki ni kwamba mama mjamzito siku ya kwanza aje na mwenza wake, wote wapimwe Ukimwi na kaswende, wapewe ushauri pamoja. Aliyekuja na mwenza anahudumiwa kwanza. Aliyekuja peke yake alikuwa anakaa kwenye benchi mpaka jua la utosi, halafu akiingia ndani anaulizwa mwenzake yuko wapi, tena kwa sauti inayofika nje. Mimi nauza uji na maandazi kando ya ukuta wa zahanati hiyo, kwa hiyo hakuna cha kunisimulia.

Wanaume wetu si waoga. Wanalima ngoro, mashamba yetu ya mashimo, kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anaipita kwa kumwomba Mungu. Ila ukitaja kipimo cha damu, huyu anakumbuka kahawa yake haijapaliliwa, yule ana safari ya kushuka Ngumbo, ziwani, kununua dagaa wa usipa, na mwingine anasema yeye haumwi, akapimwe nini.

Basi Kilian anaoga, anavaa koti, anaongozana na mke wa mtu. Hatangulii mbele kama waume wenyewe wanavyofanya, anatembea naye sambamba, kikapu amebeba yeye. Ndani anamuuliza nesi habari za vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Malipo yake ni chakula cha mchana. Nimewaona wanawake wakitoka pale na kumtazama Kilian, kisha wanatazama njia ya kurudi kwao, na wanashusha pumzi.

Kila alipopimwa alikuwa mzima. Habari hiyo ikifika nyumbani, mume halisi anashangilia. Kuna mmoja aliyewanunulia watu pombe ya komoni kilabuni kwa furaha ya damu ya Kilian. Alisema, nyumba yangu tumepima, tuko safi.

Nesi wa zamani alijua yote haya akanyamaza, kwa sababu zahanati yetu ilikuwa inasifiwa. Wageni walikuja na gari kujifunza amewezaje kuwavuta wanaume wa milimani kwenye kliniki. Kilian aliwekwa kiti cha mbele kuwawakilisha wanaume wenzake, na kusema kweli, ndivyo alivyokuwa anafanya siku zote.

Mgeni anaweza kuona huu ni udanganyifu. Kwetu kumtuma mtu si udanganyifu. Tuna ngokela, kazi ya kusaidiana, leo tunalima ngoro zako, kesho zangu. Usipoweza kuja unamtuma mtu, na aliyetumwa akilima umelima wewe. Ila deni la kazi lazima lirudi. Mwanamume anayelimiwa kisha asirudi kwa mwenzake, hata msibani kwake watu watakaa mbali na moto.

Sasa kuna Beatha, mke wa Tadei. Tadei ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, msemaji wa harusi zote na mpokea rambirambi wa misiba yote. Ni mtu wa maneno mazuri. Beatha alikuwa amezaa watoto wawili, wote wamekufa tumboni. Mimba hizo zote mbili hakwenda kliniki mapema, maana Tadei alikataa kuongozana naye na yeye aliogopa lile swali la mwenzako yuko wapi. Utaratibu uliowekwa ili kumwokoa ndio uliomweka nyumbani. Mimba ya tatu ilipoingia, alikuja kwangu analia, akisema huyu naye akifa yeye hana tena moyo wa kubeba mwingine. Mimi ndiye niliyemwambia amchukue shemeji.

Wakati huo alikuwa amekuja nesi mpya kutoka Tanga, mwanamke kijana, mkali. Alimtazama Kilian akamuuliza si alikuja juzi na mama mwingine. Kilian akajibu kwamba ndiye. Nesi, kwa kuwa kwao mwanamume kuoa wake wawili watatu si ajabu, aliamini ana wake wengi, akampa mawaidha marefu kuhusu kuwatunza sawasawa. Kilian aliitikia kwa adabu.

Kisha vipimo vikatoka. Kilian hana kitu, Beatha ana kaswende.

Nesi aliwaeleza taratibu, ukali wote umemtoka. Ugonjwa huu unatibika. Unaweza kukaa mwilini miaka bila maumivu yoyote, huku unaua watoto tumboni. Dawa ni sindano tatu, moja kila wiki, na mwenza naye anachomwa hata kama kipimo hakijaonyesha kitu. Wasikutane kimwili mpaka wote wamalize. Akitibiwa mmoja tu, mwingine atamrudishia, na mtoto atakuwa hatarini tena. Aliyasema hayo yote akimtazama Kilian.

Shemeji angeweza kusema pale pale. Aliniambia baadaye kwamba alimwona Beatha ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, akaogopa akifungua mdomo watafukuzwa wote. Akauliza alale upande gani achomwe. Walitoka nje, yeye anachechemea, Beatha analia kimyakimya, kwa sababu alikuwa ameelewa wale watoto wawili walikwendaje.

Jioni ile ile Kilian alimfuata Tadei akamweleza. Tadei alimsikiliza huku anachambua kahawa, na jibu lake shemeji alinirudishia neno kwa neno.

"Nakushukuru sana, ndugu yangu. Ulikwenda kwa niaba yangu, umechomwa kwa niaba yangu. Mtu wangu akilima, nimelima mimi. Basi hilo limekwisha."

Niliposikia hivyo nilitafuta mwiko, nimfuate kwake. Kilian alinizuia mlangoni.

Kesho yake alirudi kwa nesi akakiri kwamba yeye si mume wa Beatha. Nesi akauliza, na wale wake zako wengine? Kilian akasema hao nao wana wenyewe. Nesi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka ghafla. Alikuwa amewaza wanaume wote ambao damu yao haijawahi kuonekana pale. Alisema Beatha ataendelea na sindano zake, lakini bila Tadei ni kazi bure. Aliahidi pia kwamba kuanzia siku ile mama atakayekuja peke yake atahudumiwa bila kuulizwa mbele za watu. Tadei aliitwa mara mbili. Mara zote mbili alikuwa na msiba wa kuhudhuria.

Jumapili baada ya misa, wanaume wakiwa wamesimama nje ya kanisa, Kilian alimwendea Tadei. Mimi nilikuwa karibu, nilikuwa nimejisogeza.

"Kaka Tadei," akasema, "mimi kwako nilikuja, na kazi niliifanya. Sasa na wewe njoo kwangu."

Hakuna aliyeuliza ni kazi gani. Wanaume wote waligeuka kumtazama Tadei. Mtu aliyesema kwenye harusi zao zote kuhusu wema wa kusaidiana angejibu nini? Akasema atakuja.

Ndipo Kilian alipomvuta pembeni akamwambia kazi yenyewe iko zahanati. Ile sindano ya kwanza imemwumiza mguu na hawezi kuendelea, kwa hiyo anaomba Tadei akachomwe zote tatu kwa niaba yake. Nadhani Tadei alielewa kila kitu, na nadhani aliona hapo mlango wa kupita bila kuinamisha kichwa.

Jumatatu alifika zahanati amevaa suti ya harusini. Alisimama mlangoni akatangaza, benchi zima tunasikia, kwamba amekuja kwa niaba ya Kilian, ambaye anaumwa ugonjwa wa aibu na anaogopa sindano. Nesi hakukunja hata uso. Alimkaribisha, akasema damu ya Kilian ataitoa kwenye kidole chake yeye. Ilipotoka alimwambia Kilian ana kaswende. Tadei akasema, masikini Kilian.

Hakuachwa achomwe bila kujua. Nesi alimweleza yote kama alivyowaeleza wengine, akamuuliza kama kuna dawa zinazomdhuru, akataka kujua Kilian amekutana na nani mwingine. Tadei, kwa sauti ndogo ambayo mimi niliipata kwa sababu sufuria yangu iko chini ya dirisha, akauliza kama Kilian ana mtu kule Ngumbo, huyo naye aje? Nesi akasema huyo naye atibiwe, na Kilian ndiye anayepaswa kumwambia, haraka. Tadei akasema atamfikishia ujumbe. Wiki ile alishuka ziwani, na usipa hakurudi nao.

Hivyo ndivyo kata nzima ilivyojua kwamba Kilian ana kaswende. Wanawake waliacha kumwomba awasindikize. Kilabuni alitengewa kopo lake la peke yake, kana kwamba kaswende inakaa kwenye komoni. Mama mmoja mjane, ambaye shemeji alikuwa ameanza kupeleka kuni kwake, alizirudisha zile kuni. Hilo lilimwumiza, na mimi liliniumiza kwa ajili yake, nikamwambia sasa inatosha, nitasema hadharani.

"Amechomwa mbili," akaniambia. "Ukisema leo, ya tatu haendi. Niache na jina baya mpaka Jumatatu."

Siku moja kabla ya hiyo Jumatatu jumuiya tulisali nyumbani kwa Tadei. Ulipofika wakati wa maombi, mwenyekiti wetu alisimama, mikono kifuani, akamwombea ndugu yetu Kilian apone maradhi yake, na Mungu amjalie usafi wa mwenendo. Beatha aliinamisha kichwa. Mimi nilifungua mdomo, na shemeji akanishika mkono kwa nguvu. Kisha akaitikia pamoja na wengine, sauti yake iko juu kuliko zote, "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Jumatatu Tadei alikwenda. Akipita mbele ya nyumba ya Kilian alimwuliza, kwa kuchoka kabisa, utapona lini wewe? Kilian akamjibu ni hii tu, kaka, nenda. Nami nilipotaka kusema, shemeji akaniomba nimwache kwanza Beatha ajifungue kwa amani.

Mtoto alizaliwa wakati wa kuchuma kahawa, wa kiume, analia mpaka nikamsikia barabarani. Nesi alimpima akasema yuko salama, ila watamwangalia tena. Baada ya siku chache mimi na Kilian tulikwenda kumwona. Tadei alitupokea kwa maneno yake mazuri, lakini Kilian alipoosha mikono na kuinyoosha kumpokea mtoto, Tadei akaingia katikati. Alisema, kwa upole, kwamba anaomba radhi, ila kwa yale maradhi ingekuwa vizuri shemeji amtazame tu kwa mbali.

Kilian akashusha mikono. Angekubali, namjua. Alikuwa ameanza hata kurudi nyuma.

Beatha alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani. Sikuwahi kumsikia mwanamke huyo akipaza sauti kwa mume wake, na hata siku ile hakuipaza.

"Baba Mtoto," akasema, "humu ndani tupo wanne, na wote tunamjua aliyekuwa mgonjwa. Ameshapona, tumshukuru Mungu. Sasa mchukue mtoto hapa, umpe Kilian kwa mikono yako mwenyewe. Hilo usimtume mtu."

Tadei alinitazama mimi, akamtazama Kilian. Akainama, akamchukua mtoto. Alimpa Kilian kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nilifurahi kuiona.