Mguu wa Waya

Wenzangu, kuna mlio mmoja ambao hadi leo siuwezi: injini inayonguruma kwa nguvu zake zote huku gari lenyewe haliendi popote. Mafundi hupenda kufanya hivyo wakijaribu kabureta, na mimi, mtu mzima mwenye mvi zangu, huziba masikio barabarani mchana kweupe. Watu hunicheka. Na wacheke, wao hawakuwapo darajani Jinja siku ile.

Tuliishi Nsambya, katika chumba tulichopangishwa kwenye nyumba za reli. Baba yangu alikuwa dereva wa chama cha maziko cha Wakenya wenzetu wa Kampala. Mtu akifariki, baba alimbeba kwa Pijo ya pikapu hadi kwao ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa kwetu mtu hazikwi ugenini. Na miaka ile, vita vimeisha tu, silimu, ndiyo ukimwi, ikaingia mjini ikawapukutisha vijana, hata ikawa baba hapati nafasi ya kuvua viatu. Koti lake lilinuka mbao mbichi na dawa ya mochwari. Mama hakukubali liingie ndani, alilitundika nje kwenye msumari, na mimi nililipita mbio kila nikienda chooni.

Lakini baba alikuwa na siri. Wakati wa vita risasi ya kupotea ilimpiga mguu wa kulia, na ingawa alitembea vizuri, safari ikiwa ndefu mguu ule ulikufa ganzi juu ya pedeli ya mafuta, kisha ukaanza kutetemeka. Wazee wa chama wangejua, ufunguo wangempa mwingine siku hiyo hiyo. Chakula chetu, shule yetu, chumba chetu, vyote vilitoka kwenye ule usukani. Mama alimwambia kila siku: mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba alimjibu kwamba kifo hana haja ya kukiogopa, ndicho kinachomlipa mshahara. Mama hakucheka hata kidogo.

Basi akaenda Katwe kwa fundi Juma, Mnubi ambaye babu yake aliletwa Uganda na jeshi la mkoloni. Juma alikuwa ametoa kwenye gari dogo la Kijapani lililopondeka kifaa cha kushika mwendo. Kilikuwa kopo la mpira lililovuta hewa ya injini na kukaza waya wa mafuta, pamoja na sumaku alizozifunga kwenye propela, chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma, ili kopo lijue gari linakwenda kasi gani. Dereva anabonyeza kitufe, anaondoa mguu, na gari linakwenda lenyewe. Baba alikiita mguu wake wa waya. Tulikijaribu kwenye barabara ya Entebbe, nami nikaona pedeli ya mafuta ikishuka na kupanda bila mtu kuigusa. Baba alikuwa anaimba.

Tuliporudi, fundi alimwonya. "Ukigusa breki tu, inaachia," alisema. "Lakini kwa klachi bado. Ile gari nilitoa haikuwa na klachi. Ukikanyaga klachi peke yake, hii kitu itaona mwendo inapungua, itaongeza mafuta mpaka injini ilie. Ngoja kwanza nitafute swichi yake."

Baba akamuuliza ni dereva gani anayepunguza mwendo bila breki. Wakacheka wote wawili. Fundi hakuwa na kosa, hakuzijua mila zetu. Baba alizijua, lakini alicheka.

Kabla swichi haijapatikana, akafariki Baba Simiyu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapisha pale Wandegeya. Alikuwa amekonda hata shati likamvaa yeye. Mama alimsihi baba amwachie mwingine safari hiyo. Baba alikataa, akaamua na mimi, binti yake Nekesa, nichukuliwe nikamwone bibi, maana shule zilikuwa zimefungwa. Tukaondoka alfajiri: mbele baba, mimi katikati, na Mama Simiyu, mjane, pembeni ya mlango. Nyuma walikaa shemeji zake na jeneza. Hawakuwa wamemsemesha tangu mochwari, kwa kuwa walisema ndiye aliyemletea mumewe ugonjwa. Watoto wake walikuwa wametangulizwa kijijini.

Sasa nielezeni nyinyi kama mtu angeweza kukumbuka. Kwetu, maiti akivushwa mto mkubwa, dereva hakanyagi breki, kwa maana kusita juu ya maji ni kumwambia abaki hapo. Wala injini haivuti, kwa maana mtu havutwi kwenda kwao kama ng'ombe. Dereva anakanyaga klachi tu, gari linateleza kimya, na mke anamwambia marehemu alipofika. Baba alikuwa amefanya hivyo miaka yote, mguu wa kushoto ulijua wenyewe.

Tulipoingia darajani, mguu wa waya ukiwa bado umewashwa, akakanyaga klachi. Mama Simiyu akageukia kidirisha cha nyuma, akasema taratibu, "Baba Simiyu, huu ni Nile. Tunavuka, twende nyumbani."

Injini ikapiga ukelele. Pijo nzima ikatetemeka, na mle ndani tulisikia kama kitu kinachinjwa. Baba akashtuka akaachia klachi, gari likaruka mbele, jeneza likateleza likabamiza mlango wa nyuma, wanaume wakapiga mayowe. Ndipo akakanyaga breki. Tukasimama katikati ya daraja, juu ya maji, kimya.

Askari mlinzi wa daraja akaja na bunduki yake, akauliza gari lina tatizo gani. Shemeji walikuwa wamesharuka chini, wamesimama dirishani. Baba aliwatazama, akatazama usukani wake.

"Gari ni zima, afande," akasema.

Nikaona shemeji wote wakimgeukia mjane.

Kijijini walisema marehemu amekataa kuvuka na mwanamke aliyemwua. Hawakumruhusu kutupa udongo kaburini. Kesho yake walimfukuza, watoto wakabaki. Baba alikuwa na haraka ya kuondoka, hata kwa bibi hakuniacha. Asubuhi hiyo nilimwona ameinama chini ya boneti na plaisi, akikata ule waya.

Tulimkuta Mama Simiyu akitembea kando ya njia, tukampakia. Alikaa palepale pembeni ya mlango. Baadaye akauliza, "Baba Nekesa, wewe umebeba wengi. Wapo wengine waliokataa kuvuka?"

Baba alibadili gia. Halafu akajibu, "Wapo, Mama Simiyu. Wapo wanaokataa."

Mama Simiyu aliitikia kwa kichwa polepole, akamshukuru. Nami, mtoto, nilimpenda baba sana dakika ile, kwa kuwa nilidhani amemfariji. Nilikuwa mwanamke mzima, najifunza kuendesha, mguu wangu wa kushoto ukiwa juu ya klachi, nilipoelewa alichomfanyia ili abaki na ufunguo wake. Nilizima gari. Mwalimu aliniuliza kama naumwa, nikafungua mlango nikashuka.