Pale Severa Aliponyamaza

Severa nimemfahamu tangu alipoletwa Dar es Salaam akiwa bibi harusi, mwaka ambao mvua zilifunga barabara ya Jangwani. Mumewe Theophil alikuwa na duka la vyombo Kariakoo, masufuria na chupa za chai za jumla. Severa alijifunza kazi mwezi mmoja tu, akampita mwalimu wake. Wateja wa mikoani walikuwa wakifika wanauliza, "Mama yupo?" Theophil akijibu kwamba mwenye duka ni yeye, wanasema, "Sawa, ngoja tumsubiri mama." Theophil alikuwa akicheka mpaka anashika tumbo.

Kila Desemba walipanda nyumbani Kibosho, mlimani, kama Wachaga wengine wote wa Kariakoo. Theophil alitangulia na mizigo. Severa alibaki kuuza mpaka tarehe ishirini na tatu, kisha akamfuata. Miaka ishirini na sita, hivyo hivyo.

Mwaka jana mwezi wa sita Theophil akafariki kwa ugonjwa wa figo. Tulimsindikiza hadi kwao, tukamzika migombani. Severa hakupiga kelele. Alirudi mjini, akafungua duka, na kila Jumamosi akaja kusali jumuiya kama kawaida. Jumuiya yetu ya Mchafukoge mimi ni mwenyekiti wake mwaka wa kumi na tisa huu, na mtu akiruka neno la sala namsikia hata akiwa amekaa koridoni. Ndivyo nilivyogundua. Kwenye Baba Yetu, tukifika pale tunapomwambia Mungu afanye atakavyo, Severa anafunga mdomo. Hafungui tena mpaka Amina.

Nilidhani yatapita. Ikaja novena ya Noeli, zile sala za siku tisa nyumba kwa nyumba, na siku ya mwisho ilikuwa zamu ya nyumba yake. Asubuhi akatuma ujumbe: tusiende. Kibosho haendi, na kanisani Noeli haji. Binti yake Vicky alikuwa ameshapanda basi jana yake, peke yake, analia.

Nikapanda ngazi za ghorofa ya tatu na magoti yangu haya. Nilimkuta na Mauza, jirani yake Mwarabu wa mlango wa pili, na birika la chai mezani.

"Karibu, mwenyekiti," Mauza akasema. "Mimi nimeshindwa. Tangu jana chai yangu anainywa kwa macho."

"Shikamoo, bibi," Severa akasema, bila kuinuka.

"Marahaba. Mbona umetufungia mlango?"

Severa akasogeza kikombe kando. "Theophil alikuwa anatangulia, bibi. Nikibaki hapa, naweza kujiambia ametangulia, ananisubiri. Nikipanda Kibosho nitakuta udongo."

"Na kanisani? Kanisa letu liko Kibosho?"

"Kanisani mtanisalisha ile sala. Nilimwomba Mungu miezi minane, nimepiga magoti mpaka yakachubuka. Leo nimwambie afanye atakavyo? Sijaridhika, bibi. Siwezi kwenda kumdanganya Mungu siku ya kuzaliwa kwa mwanawe."

"Huyu anamheshimu Mungu kuliko wengi," Mauza akanong'ona.

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, yakanikauka. Nikawaambia jambo ambalo hata padre halijui. Nilipomzika Leodegar, kifungua mimba wangu, nilikaa miaka mitatu bila kuyatamka maneno yale. Nilikuwa nachezesha midomo tu, na watu wananisifu kwa imani.

Severa akaniangalia usoni. "Wewe, bibi?"

"Mimi huyu huyu."

"Na unavyotusimanga mtu akichelewa dakika tano!"

"Kuchelewa ni kuchelewa."

Mauza akaangua kicheko. Severa naye midomo ikamcheza kidogo.

"Ikawaje ukaweza?" akauliza.

"Sikuweza mimi. Wenzangu waliyasema, na mimi nimekaa katikati yao. Sala ile si ya mtu mmoja, Severa. Kipande kikikushinda, tutakubebea. Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la rafiki yake, na alijua anakwenda kumfufua. Atakukasirikia wewe?"

Jioni mlango ulikuwa wazi. Tukasali pale kwake, Mauza yuko jikoni anatuchemshia chai.

Asubuhi ya Noeli mitaa ilikuwa mitupu, maduka yote yamefungwa. Severa akaja misa ya pili na gauni lake jeusi, akakaa kando yangu. Kwenye Baba Yetu nikamshika mkono. Tulipofika pale, akanyamaza. Mimi nikapaza sauti mpaka waliokaa mbele wakageuka, maana nilikuwa nasema kwa ajili ya watu wawili. Tulipofika kwenye kuomba mkate wa kila siku, nikasikia sauti yake inaingia, nyembamba, inakwaruza. Ikaenda nasi hadi mwisho.

Nje ya kanisa akampigia Vicky simu.

"Mwambie shangazi yako kesho kutwa nitakuwa huko. Na kaburi la baba yako msilifagie. Nitalifagia mwenyewe."