Nyota Niliyoingoja Kitandani

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipofika mpungani jua limeshatoka, nikasimama kwenye ukingo wa jaruba nisijue niangalie wapi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, naishi na bibi yangu mzaa mama huku Kibaoni. Mpunga ulikuwa umeiva, na bibi alikuwa anaumwa mguu, kwa hiyo kuamia ndege wasile mpunga ilikuwa kazi yangu peke yangu. Kwelea hawana huruma. Wanashuka kundi zima mara tu kunapoanza kupambazuka, na ule mpunga ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka. Ilinipasa niwahi kabla yao. Saa hatukuwa nayo, na jogoo tulikuwa tumemla Pasaka.

Nikajichagulia nyota, ile kubwa nyeupe inayochomoza mashariki kabla ya alfajiri. Wiki ya kwanza nyota hiyo ilinitosha kabisa. Inatokea kwenye kidirisha changu giza likiwa bado nene, naamka, natangulia mtaa mzima. Nikaanza kujiona mjanja.

Sikujua kwamba kila siku ilikuwa inachelewa kidogo, dakika moja hivi, mbili. Wiki zikapita. Nikawa naamka kabla yake, nasikia majirani wakipita na makopo yao ya kufukuzia ndege, wananiita, nami nawajibu kwamba nyota yangu bado. Halafu najifunika tena kanga. Ule usingizi ulikuwa mtamu, sikufichi. Nilielea humo nikiwaza huko juu kuna nani, kama nao wana mashamba, kama na sisi tunawameremetea.

Basi asubuhi ile niliyokutajia nikakuta nusu ya shamba ni masuke matupu. Nililia. Bibi alikuja akichechemea, akasema, "Mjukuu wangu, ile nyota ina safari zake. Nani alikuambia imetumwa kukuamsha?"

Mwaka ule tulikula ugali wa muhogo mpaka nikauchukia. Bibi hakunikumbusha kosa langu hata siku moja, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo nikaifuatilia kweli. Ilizidi kushuka, ikapotea kwenye mwanga wa jua, na miezi baadaye ikaonekana magharibi jua likizama. Nilibisha, nikasema ni nyingine. Mwalimu mmoja akanieleza kuwa ni ileile, tena si nyota bali ni sayari, Zuhura, inayolizunguka jua kama dunia yetu ila kwa karibu zaidi, na inang'aa kwa mwanga wa jua. Leo wajukuu zangu wananionyesha kwenye simu vyombo vilivyorushwa kwenda huko, kwenye mawingu mazito na joto kali kuliko la tanuri. Wanaovirusha hawavielekezi pale sayari inapoonekana siku hiyo. Wanapiga hesabu itakuwa wapi miezi ijayo, na huko ndiko wanakovituma.

Mwanangu, wewe unayependa mambo ya anga, penda pia kuangalia mara ya pili. Ulichokijua jana kikague leo, maana mbinguni hakuna kilichosimama, hata hii dunia unayoikanyaga. Na watu wakikuita, usiwajibu ukiwa umelala. Toka nje kwanza uone. Mungu akupe macho yasiyochoka, na moyo wa kukiri mapema kwamba umekosea, kabla wanaokutegemea hawajalala njaa.